UZI: Mboji ya taka za sokoni. Hesabu ya maji kwanza, mengine baadaye

#1 Tuta_la_Tatu

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa vikundi vya usafi, kamati za masoko na yeyote aliyepewa kiwanja na serikali ya mtaa ili apunguze taka zinazokwenda dampo. Nitatumia kipimo cha tani moja kwa siku, kwa sababu hicho kinawezekana kwa uma, beleshi na toroli bila kusubiri mashine.

Tuanze na mzigo wenyewe. Nyanya zilizooza, kabichi, mchicha, maganda ya ndizi: mzigo ukichanganyika na mabua na vikavu vyake, asilimia 80 hivi ya uzito ni maji, na nyanya, kabichi au tikiti peke yake hupita 90. Lori likitoka sokoni na tani tano kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, tani nne ni maji yanayosafirishwa kwa dizeli. Huko yakifukiwa chini ya taka nyingine, hewa inakwisha, bakteria wasiotaka oksijeni wanashika kazi na methani inaanza kutoka. Kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo inapasha joto anga mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi. Kinachobaki kinachuruzika kwenda bondeni. Na mlima wa taka zilizolowa haukai imara: Kiteezi, Kampala, uliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 juu ya makazi ya watu, wakafa zaidi ya 30.

Sasa kosa linalorudiwa na wengi. Wanasoma kwamba rundo linataka unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na uwiano wa kaboni kwa naitrojeni wa 25 hadi 30 kwa moja. Wanachukua taka mbichi, wanamwaga vumbi la mbao mpaka rundo lisichuruzike, halafu wanashangaa miezi mitatu imepita na vumbi bado ni vumbi. Hesabu inaonyesha kwa nini.

Tani moja ya taka mbichi ina kilo 800 za maji na 200 za vitu vikavu. Ukitumia vumbi la mbao lenye unyevu wa asilimia 15, kushuka hadi asilimia 60 kunahitaji kilo 440 hivi za vumbi. Kwanza, kila siku utazitoa wapi? Pili, piga kaboni: taka zina kama kilo 80 za kaboni na 5 za naitrojeni, yaani 16 kwa moja. Vumbi lile linaongeza kaboni karibu kilo 190 na naitrojeni isiyofika nusu kilo. Unaishia kwenye 50 kwa moja. Maji umeyatatua, chakula cha bakteria umekiharibu.

Dawa yake ni kunyausha kwanza. Tandaza taka kwenye sakafu ya zege yenye mwinamo, unene wa sentimita 10 usizidi, siku moja hadi mbili za jua, ukigeuza kwa reki mara mbili kwa siku. Zikishuka hadi unyevu wa asilimia 70, ile tani imebaki kilo 670 hivi. Sasa vumbi linalohitajika ni kama kilo 150 tu, na uwiano unatua kwenye 28 kwa moja. Tani ileile, vumbi lileile, ila theluthi moja ya kiasi.

Maswali karibuni. Mafungu, joto na ugeuzaji nitaweka kwenye bandiko linalofuata.

#2 Makumbi

Mkuu, umesomeka. Naongezea kwenye vumbi la mbao. Lichunguze linakotoka. La nguzo zilizotiwa dawa usiliguse, lina shaba, kromiamu na aseniki. La mbao za gundi vilevile liache. Na vumbi laini kupita kiasi linaziba hewa. Maranda ya randa ni afadhali.

Pumba ngumu za mpunga (yale makapi, si pumba za kulishia kuku) zinatengeneza nafasi za hewa vizuri lakini hazinyonyi maji na zinachelewa kuoza, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na kitu kinachonyonya. Magunzi na mabua ya mahindi yakatwe vipande vya sentimita 5. Makumbi ya nazi yakichambuliwa nyuzi yanafaa sana, yakiwekwa mazima utayakuta mazima.

#3 Tuta_la_Tatu

Naendelea.

Fungu: upana chini mita 2.5, kimo mita 1.3, urefu kadiri ya taka za wiki. Likiwa na kimo chini ya mita 1 joto linakimbia, likipita mita 1.5 kwa kujaza kwa mikono tumbo linakosa hewa. Taka zilizonyauka pamoja na maranda ni kama mita za ujazo 1.8 kwa siku, kwa hiyo taka za wiki nzima zinatoa fungu la mita 6. Ukiweka mafungu nane na njia ya mita moja kati yao, ukaongeza sakafu ya kunyaushia (mita za mraba 50 kwa zamu ya siku mbili), sehemu ya kuivishia na ya kuchekecha, unahitaji mita za mraba 400 hivi. Anayekuambia inatosha kona ya nyuma ya choo cha soko hajapiga hesabu.

Chini kabisa weka sentimita 15 za matawi au mabua ili hewa iingie. Katikati jenga tabaka la taka, tabaka la maranda, na ndoo kadhaa za mboji ya zamani isiyochekechwa. Juu funika kwa sentimita 10 za mboji iliyoiva. Kifuniko hicho kinakula harufu na kuwazuia nzi kufika kwenye taka mbichi.

Joto linatakiwa lifike nyuzi 55 ndani ya siku tatu hadi nne. Kanuni ya Marekani kwa mafungu ya kugeuza ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ugeuze si chini ya mara tano. Ni kipimo kizuri hata kwetu, kwa sababu kinaua vimelea na mbegu nyingi za magugu. Sababu ya kugeuza mara tano si hewa pekee. Ngozi ya nje ya fungu haifiki nyuzi 55, kwa hiyo kila ukigeuza, cha nje kiende ndani. Ukigeuza kwa kusukuma rundo upande mmoja, umetoa jasho bure.

Ratiba: wiki mbili za kwanza kila siku ya tatu. Wiki ya tatu hadi ya sita, mara moja kwa wiki. Baada ya hapo rundika liive wiki nne bila kuguswa sana. Likipita nyuzi 65 geuza hata kama siku haijafika, maana juu ya hapo bakteria wenyewe wanaanza kufa.

#4 mama_bustani

Naomba kuuliza. Kipimajoto kirefu hatuna. Na unyevu wa asilimia 60 mtu anaujuaje bila maabara?

#5 Chekeche12

Dada, unyevu ni kwa mkono. Vaa glavu, chota konzi kutoka ndani ya fungu (si juu), kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole na konzi likabaki limeshikana, upo karibu na 60. Yakichuruzika, limezidi. Likimeguka ukifungua kiganja na kiganja kikabaki kikavu, uko chini ya 45, ongeza maji.

Joto: nondo ya milimita 12, mita moja na nusu, ichomeke hadi katikati uiache dakika 15. Ukiitoa ukashindwa kuishika kwa mkono mtupu kwa sekunde tano, uko karibu na 55 au zaidi. Ukiishika tu na kuona vuguvugu, kuna tatizo. Ila kipimajoto cha shina la nusu mita ni kifaa ambacho kikundi kingenunua kabla ya fulana zenye nembo.

#6 Wa_Marikiti

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Mnazungumzia taka za soko, ambazo ni safi kiasi. Huku kaunti inaleta lori lenye kila kitu: mboga, pampasi, chupa, betri, majivu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zitenganishwe zinakotoka, lakini kinachofika dampo la Dandora mnakijua. Je, taka za mchanganyiko namna hii zinaweza kuwa mboji, mchambue mwishoni kwa chekeche?

#7 Tuta_la_Tatu

Zinaoza, ndiyo. Kuwa mboji ya kuweka kwenye mchicha, hapana.

Uganda walilijaribu hili kwa upana: mpango wa NEMA (mamlaka yao ya mazingira) uliosajiliwa mwaka 2010 chini ya CDM, utaratibu wa kimataifa wa kuuza upunguzaji wa gesi joto, na viwanja vya mboji katika miji kama Jinja, Mbale, Mukono, Kabale na Fort Portal. Taka zilikuwa zikifika zimechanganyika, kazi ya kutenganisha ikaangukia kwenye kiwanja chenyewe. Chekeche linatoa chupa, linatoa kitambaa, linatoa mfuko mzima. Haliwezi kutoa kipande cha kioo cha milimita 4. Haliwezi kutoa risasi na kadimiamu zilizokwisha kuyeyuka kutoka kwenye betri, rangi na vifaa vya umeme. Na ukisaga taka kabla ya kuzichambua ili zioze haraka, umeigeuza plastiki kuwa chembe ambazo hakuna chekeche litakalozikamata.

Kuna jambo jingine la nyumba zetu: mchanga. Taka za kufagia uwanja pamoja na majivu ya mkaa zinaweza kuwa sehemu kubwa ya uzito wa taka za kaya. Unapata mboji nzito, yenye mchanga mwingi na mabaki ya mimea kidogo, na mkulima anaitambua kwa kuibeba tu.

Kwa taka za mchanganyiko matumizi ya maana ni haya: kufunikia dampo, kujazia mashimo ya machimbo ya kokoto, kupanda miti ya barabarani. Si haba, maana taka iliyooza kwa hewa ikipelekwa dampo haitoi methani kama ile mbichi na inachukua karibu nusu ya nafasi. Lakini usiiuze kwa mkulima wa mboga.

#8 Kipimajoto

Nakazia hapo kwa #7. Gharama ya kutenganisha inategemea ni hatua gani unatenganisha. Kwenye meza ya muuza mboga ni ndoo moja ya ziada. Kwenye guta ni mtu mmoja dakika kumi. Kwenye sakafu baada ya kumwagwa ni watu wanne wenye glavu na hatari ya sindano. Kwenye chekeche baada ya wiki kumi huna tena cha kutenganisha.

Masoko yana faida moja kubwa: aina ya taka inajulikana kwa eneo. Safu ya nyanya na matunda inatoa taka laini tupu. Safu ya nguo haihitaji guta la mboji kabisa. Anzeni na safu mbili tatu zenye taka safi, si soko zima siku ya kwanza. Kinondoni nao walipojenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, walilenga taka za masoko, si za kaya.

Kuhusu mifuko: rambo zimepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019 na Kenya tangu 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vyepesi vya nyanya na karoti bado vipo. Vitoeni wakati wa kunyausha, taka zikiwa zimetandazwa sentimita 10 kila kitu kinaonekana. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuipenda ile sakafu.

#9 mama_bustani

Sisi harufu ndiyo inayotugombanisha na majirani. Siku nyingine ni kali ya kuchoma pua, siku nyingine kama yai bovu. Na funza wamejaa pembeni.

#10 Chekeche12

Hizo ni harufu mbili na dawa mbili tofauti, msizichanganye.

Ya kuchoma pua ni amonia. Naitrojeni imezidi au mmeweka majivu. Watu wengi wanamwaga majivu wakidhani yanakata harufu. Yanapandisha pH, yaani yanapunguza asidi, na kufukuza amonia zaidi, na hapo mbolea yenu inaruka hewani. Ongezeni maranda au majani makavu, acheni majivu. Samadi ya kuku nayo isizidi kilo 30 hadi 40 kwa tani ya taka.

Yai bovu ni salfaidi ya hidrojeni: hewa imekwisha. Fungu limelowa au limejishindilia. Fumueni lote siku hiyohiyo, changanyeni vitu vigumu vyenye nafasi (magunzi, matawi, yale mabaki makubwa ya chekeche), jengeni upya. Fanyeni asubuhi upepo ukielekea upande usio na nyumba, maana siku ya kufumua harufu itakuwa mbaya kuliko jana.

Kuna ya tatu, ya siki. Hiyo ni matunda mengi, maembe na machungwa hasa wakati wa msimu. Asidi inashusha pH, joto linakwama kwenye nyuzi 40 na fungu linalala hapo. Msikimbilie chokaa. Hewa zaidi na asilimia 10 ya mboji ya zamani, asidi italiwa.

Funza: kwenye joto la pwani yai la nzi linakuwa nzi kamili ndani ya siku 8 hadi 10. Ukigeuza kila siku ya tatu na kuingiza ngozi ya nje katikati kwenye nyuzi 55, wanapikwa kabla hawajaruka. Mkiwakuta pembeni wengi maana yake ndani kuna moto wa kutosha na nje hakuna aliyegusa kwa wiki nzima.

#11 Wa_Marikiti

Kwa nini basi usiwaachie funza kazi yote? Huku wengi wameingia kwenye BSF (black soldier fly, nzi mweusi anayefugwa kwa ajili ya funza wake), funza wanalishwa kuku na samaki.

#12 Makumbi

Si mashindano. Funza wa BSF wanapenda chakula laini chenye maji ya asilimia 70 hadi 80, yaani hasa kile kinachotutesa sisi kwenye mafungu. Lakini bua, ganda la nazi, mkungu wa ndizi hawaliwezi, na masalio yao bado yanataka kuiva wiki kadhaa kabla ya kwenda shambani. Mwenye soko la matunda mengi agawe: matunda na mabaki ya vyakula kwa funza, majani na vyenye nyuzi kwa fungu. Ila ufugaji wa nzi unataka usimamizi wa kila siku, ukiukosa siku mbili kundi la kutaga linaweza kupotea. Fungu linavumilia sikukuu.

#13 Kipimajoto

Mmesahau masika. Mvua ya milimita 100 juu ya mita za mraba 200 ni lita 20,000, na zote zikipita kwenye mafungu zinatoka na naitrojeni yenu. Paa la mabati wazi pande zote ndiyo jibu. Turubai si paa: likifunikwa hadi chini linakata hewa, kwa hiyo liwe juu tu ya mgongo wa fungu, pembeni wazi, na liondolewe mvua ikikata. Sakafu mwinamo wa asilimia 2 kuelekea mfereji, mfereji uingie kwenye shimo lililosakafiwa.

Yale maji meusi yarudishwe kwenye mafungu yaliyo ndani ya wiki mbili za kwanza tu. Ukiyamwagia fungu lililokwisha pita joto, umerudisha vimelea kwenye mboji safi. Kwa sababu hiyohiyo uma na beleshi za upande wa taka mbichi zisivuke kwenda upande wa kuchekecha.

#14 Diwani_Mstaafu

Nimefuatilia. Swali la kamati: tani moja inatoa magunia mangapi, na inajilipa?

#15 Tuta_la_Tatu

Mheshimiwa, nitajibu bila kupamba.

Tani moja mbichi pamoja na maranda yake ina kilo 325 hivi za vitu vikavu. Karibu nusu inaliwa na bakteria na kutoka kama hewa na joto. Kinachobaki, kikiwa na unyevu wa asilimia 40, ni kilo 270 hivi. Chekeche la milimita 10 linarudisha robo yake kama mabaki makubwa, ambayo hayatupwi, yanaingia fungu jipya badala ya maranda. Unabaki na kilo 200, viroba vinne vya kilo 50.

Viroba vinne haviwalipi vijana watatu mshahara wa siku. Mradi wa mboji unaotegemea mauzo ya mboji pekee hausimami. Pesa halisi ni ile ambayo soko au halmashauri ingelipa kuisafirisha tani hiyo dampo. Kama makubaliano ya ushuru wa taka hayatoi sehemu kwa kikundi kwa kila tani isiyokwenda dampo, msianze. Pimeni kwa mizani tangu siku ya kwanza, andikeni kwenye daftari, hiyo ndiyo hoja ya mezani. Mauzo yahesabiwe kama nyongeza.

#16 mama_bustani

Na mkulima tumwambie nini? Wengine wanadai mboji inachukua nafasi ya urea.

#17 Makumbi

Usimwambie hivyo, atakuja kukudai. Tani 10 za mboji kwa hekta (kilo moja kwa mita ya mraba) zenye unyevu wa asilimia 40 ni tani 6 kavu. Ikiwa na naitrojeni ya asilimia 1.2, hiyo ni kilo 72, lakini msimu wa kwanza mmea unapata kama asilimia 10 hadi 20 tu, yaani kilo 7 hadi 14. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Mweleze ukweli: mboji ni ya kushika maji kwenye udongo wa kichanga wa pwani, ya potasiamu, na ya kuifanya mbolea ya dukani isipotee na mvua. Mwenye tuta la mboga aweke kilo 2 kwa mita ya mraba kabla ya kupanda, kisha aongeze urea kidogo kuliko kawaida yake.

Kwa kitalu, mboji isizidi robo ya mchanganyiko. Ya masoko ina chumvi, na miche midogo inaungua ncha.

#18 Chekeche12

Na kabla ya kuuza, pimeni kama imeiva. Jaribio la kwanza: jaza mfuko wa plastiki mboji yenye unyevu, funga, weka kivulini siku tatu. Ukifungua ikanuka siki au amonia, rudisha. La pili: panda mbegu 20 za mchicha kwenye mchanganyiko wa robo mboji na robo tatu mchanga, na 20 kwenye mchanga mtupu. Zikiota chini ya asilimia 80 ya zile za mchanga mtupu, haijaiva. Mboji changa inanyang'anya naitrojeni ya udongo na kutoa asidi zinazoua mizizi midogo. Mkulima akipata gunia moja la namna hiyo hamtamwona tena.

Mara moja kwa mwaka, au mkibadilisha chanzo cha taka, pelekeni sampuli maabara ya udongo wapime risasi, kadimiamu na chumvi. Sampuli ichotwe sehemu kumi za rundo na kuchanganywa, si konzi moja ya juu.

#19 Diwani_Mstaafu

Shukrani. Na kuhifadhi? Viroba vyetu vilitoa moshi stoo.

#20 Chekeche12

Ulikuwa mvuke, mheshimiwa. Iliwekwa kwenye viroba ikiwa bado inafanya kazi. Rundo la kuivishia likigeuzwa kisha joto lisipande tena zaidi ya nyuzi 10 juu ya hewa ya nje, hapo funga. Tumieni viroba vya kufumwa, si vya nailoni, unyevu uwe 35 hadi 40. Ikishuka chini ya 30 inatimua vumbi, na vumbi hilo lina ukungu usiofaa mapafuni, kwa hiyo anayechekecha avae barakoa. Pangeni juu ya chaga, mbali na ukuta.

Zile zilizokwisha kutoa mvuke zimwageni, zilowesheni kidogo kama zimekauka, zirudi kuiva wiki tatu. Hazijaharibika.